Alizaliwa na kilo 1.4, sasa hesabu za darasa la pili zinamshinda

Mama, nimekuelewa: mwanao alizaliwa wiki ya 31 na kilo 1.4, sasa ana miaka 8, kusoma anaweza, ila hesabu na kunakili ubaoni vinamshinda, na mwalimu anamwita mvivu. Tafadhali usilikubali neno hilo.

Wengi waliozaliwa chini ya kilo 1.5 husoma shule za kawaida. Lakini shida za umakini, hesabu na kuoanisha jicho na mkono huwapata zaidi kuliko wenzao, hata wale wenye akili nzuri, na huweza kujificha hadi kazi za darasani ziongezeke.

Kabla ya tuisheni, kapimeni macho na masikio. Watoto njiti huwa na hatari kubwa zaidi ya makengeza na kutoona mbali, na asiyeuona ubao huonekana mzembe. Beba kadi ya kliniki na karatasi za hospitali alikozaliwa; daktari atauliza wiki za mimba, manjano kali, degedege.

Kwa mwalimu omba dawati la mbele, maswali 5 badala ya 20, na maelekezo moja moja. Nyumbani mhesabie kwa vizibo vya soda, dakika 10, apumzike. Viboko vitamfanya aziogope namba, basi.

Akizubaa ghafla kwa sekunde kadhaa asisikie hata ukimwita, akisahau alichokwisha kukijua, au mkono mmoja ukiwa mzito, mwone daktari wa watoto wiki hii hii.