Sumaku inanata au inavuta?

Mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, kauliza: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano kaandika 'sumaku inanata kwenye vyuma' kakoseshwa. Mie mbona nasema hivyo kila siku, ile sumaku ya maua si imenata kwenye friji? Neno sahihi lipi?"

Marahaba mama. Kwa friji hujakosea hata kidogo, imenata, imeganda, imeshika, yote watu wanasema na yote yanaeleweka. Ila mtoto alikuwa anajibu swali la sayansi na pale kitenzi ndo kinabeba mzigo wote. Kunata ni kazi ya gundi, ya ulimbo, ya ubwabwa uliozidi maji, yaani mpaka vitu viguse kwanza. Sumaku haisubiri kugusa. Weka msumari mdogo mezani usogeze sumaku polepole, utaona msumari unairukia kabla havijakutana, tena hata ukitia karatasi katikati bado unafuata tu. Kitendo hicho cha mbali ndo KUVUTA. Vikishakutana hapo sasa sema imenasa, au imenata kama mnavyosema nyumbani.

Na mie hapa napenda sana kile kiambishi chetu cha -ana, maana kinasema kweli ya sayansi bila mtu kufundishwa. Msumari nao unaivuta sumaku, kwa nguvu ileile, sema sumaku umeishika mkononi na ni nzito ndo maana huioni ikienda. Kwa hiyo VINAVUTANA. Ukichukua sumaku mbili, ncha zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana. Wapo wanaosema zinafukuzana, mie hilo silipendi, kwenye kufukuzana mmoja yuko mbele mwenziwe nyuma wote wanakwenda upande mmoja, wakati sumaku kila moja inakwenda kwake. Zinakataana la mtaani ni tamu, ila linaonyesha tu kwamba haziungani, halionyeshi kwamba zinatengana.

Hilo la "vyuma" nalo liangalie. Huku kwetu kila kitu kigumu kinachong'aa tunakiita chuma, sasa mwambie mtoto ajaribu sumaku kwenye sufuria ya alumini, kwenye bangili yako ya dhahabu, kwenye waya wa shaba. Hakuna kitu. Jina la jumla ni METALI, chuma ni metali moja tu, na hicho ndo sumaku inakivuta, pamoja na nikeli na kobalti.

Sasa kuna neno moja linawapoteza hata wakubwa, nalo ni kaskazini. Ukiifunga sumaku uzi katikati ukaiacha ining'inie, ncha yake moja inageukia kaskazini, ndo kazi ya dira kwenye jahazi, na ncha hiyo tukaiita ncha ya kaskazini. (Kaskazini yenyewe ni kaskazi na -ni, kule unakotoka ule upepo wa Desemba mpaka Machi, ingawa nahodha atakwambia upepo wenyewe unatokea zaidi kaskazini mashariki.) Lakini si tumesema zinazovutana ni ncha zisizofanana? Basi huko kaskazini mwa dunia sumaku ya dunia ina ncha ya aina ya kusini! Mtoto akisikia "ncha ya kaskazini ya sumaku" na "ncha ya kaskazini ya dunia" anadhani ni kitu kimoja, kumbe jina ndo limefanana. Ningekuwa mie ndo nafundisha ningesema "ncha inayoelekea kaskazini", ni refu lakini halidanganyi mtu.

Kwa hiyo mama, mtoto arudie hivi: "Sumaku huvuta chuma." Na aweke hu-, asiandike inavuta, maana inavuta ni hii ya sasa hivi hapa mezani, huvuta ni ya siku zote na ya kila sumaku.