Mwani wa kifua

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni dawa gani ya kienyeji ya ugenini iliyokufanya uitazame upya mali ya kwenu? Yangu ni mwani.

Nimezaliwa Paje, Unguja. Mama analima mwani tangu sijaanza shule: vijiti, kamba, taitai (vikamba vya kufungia mwani), kuinama majini, kisha kuanika na kumpelekea mnunuzi. Kwetu mwani ulikuwa hela ya daftari na sare, basi.

Kipupwe changu cha kwanza Ayalandi, katika Kaunti ya Clare, kifua kilinibana nikawa sipati usingizi. Bibi mmoja jirani akaja na fungu la kitu kikavu, cheupe chenye wekundu kwa mbali. Nilinusa tu nikajua: mwani!

Wao huuita karagini, kutokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya mwamba mdogo, kwani unaota miambani. Huchumwa wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, ukatandazwa juu ya nyasi upigwe jua na mvua hadi ile zambarau iliyokoza iondoke. Bibi aliroweka konzi moja, akaichemsha taratibu kwenye maziwa, kama dakika 20, akachuja, akatia asali na limau. Ukatoka uji wa kuteleza. Hauui ugonjwa. Ute wake hufunika koo lililochubuka, na usiku ule nililala.

Si kila dawa yao naitetea. Mtoto mwenye kifaduro walimpitisha chini ya tumbo la punda mara tatu. Kifaduro kinaua, na chanjo ipo. Ila nawasifu kwa jambo moja: kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule walitumwa kuwauliza wazee wao habari za kale, wakaziandika daftarini, za punda na za mwani pamoja. Leo mtu ana cha kuchambua. Sisi bibi zetu wanaondoka nazo.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: ute ambao viwanda hutoa kwenye mwani kama wa Mama, wakautia kwenye dawa ya meno na aiskrimu, huitwa karaginani. Jina limetoka kwenye mwani huu wa Ayalandi. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia Mama mzigo wake unakwenda kufanya nini.

Nilimpigia simu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni lazima maziwa ya ng'ombe, au hata tui litafaa.