Jibu: Dawa za misuli na mifupa, mgonjwa aelezwe nini hasa?

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: uko wodi ya mifupa kwa mafunzo, umepangiwa kutoa elimu kwa wagonjwa wanaotumia dawa za misuli na mifupa, na kitabu kinakupa ukurasa mzima wa maudhi kwa kila dawa. Hukujua uanzie wapi, wala uandike nini kwenye faili ukimaliza.

Ule ukurasa wa maudhi uweke pembeni kwanza. Mgonjwa aliyevunjika nyonga hawezi kuubeba kichwani, na wewe pia huwezi. Nimefanya kazi wodi ya mifupa na baadaye kliniki ya viungo, na nilichokiona ni kwamba dawa hizi huharibikia kwenye saa na siku. Mgonjwa kwa kawaida anajua dawa yake ni ya nini. Asichokijua ni kwamba hii humezwa kabla ya kitu chochote, ile ni mara moja kwa wiki, nyingine haikatwi ghafla, na kuna sindano isiyocheleweshwa. Elimu yako ijenge hapo.

Tuanze na alendroneti ya mifupa iliyokonda, maana ndiyo yenye masharti mengi. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 70 mara moja kwa wiki. Hata mgonjwa akifuata kila sharti, utumbo hufyonza chini ya asilimia 1 ya kidonge. Akikimeza na chai, maziwa, juisi au pamoja na kalsiamu, hata hicho kidogo hupungua mno. Kwa hiyo akiamka, kabla ya kula au kunywa, akimeze na bilauri nzima ya maji matupu, kisha akae wima, asimame au atembee kwa dakika 30 au zaidi, na asijilaze mpaka awe amekula. Ibandroneti ya miligramu 150, ile ya mara moja kwa mwezi, inataka dakika 60. Na sababu mwambie: kidonge kikikwama kwenye umio kinaacha kidonda.

Kuna bibi mmoja alikuja kliniki analalamika kifua kinawaka. Alishaongezewa dawa ya kupunguza asidi, wapi. Nikamuuliza kama anafuata masharti. "Nafuata yote, mwanangu." Nikampa bilauri ya maji nikamwomba anionyeshe anavyofanya nyumbani, bila kidonge. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapeleka vidole mdomoni, akapiga funda moja dogo, akarudisha bilauri mezani, akavuta shuka akajilaza. "Naamka alfajiri," akasema, "nakimeza, halafu narudi kulala kidogo." Kabla ya kula, sawa. Maji matupu, sawa. Funda moja na kurudi kulala, ndipo penye tatizo, na kwa mdomo nisingelijua kamwe. Daktari alimsimamishia kidonge umio upone kwanza.

Kabla hujampa alendroneti mgonjwa wa wodini, jiulize: anaweza kukaa wima nusu saa? Mwenye uti wa mgongo uliovunjika ambaye haruhusiwi kuinuka hafai kupewa siku hiyo. Usitie tiki kwenye chati, mwambie daktari. Angalia pia kama anameza vizuri, kalsiamu ya damu ikoje, figo zikoje, na kama ana jino linalosubiri kung'olewa. Akisahau dozi ya wiki, akimeze asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha arudi kwenye siku yake ya kawaida. Viwili siku moja, hapana.

Suala la mfupa wa taya kufa na la paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida ni la kweli, ila hutokea kwa nadra. Liseme mara moja kwa utulivu: amwambie daktari wa meno kwamba anatumia dawa hii, na akipata maumivu ya paja au kinena yasiyoisha bila kuanguka, aje. Binafsi sipendi wenzetu wanaofungua somo kwa habari ya taya. Mgonjwa anaogopa, anaacha kidonge, na mifupa inaendelea kukonda.

Kalsiamu kwa kifupi. Ya kaboneti imezwe na chakula, ya sitreti wakati wowote. Isizidi kama miligramu 500 kwa mara moja, zaidi ya hapo mwili hauifyonzi vizuri. Itenganishwe na vidonge vya tezi ya shingo kwa saa 4, na isimezwe kwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, wala na antibiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini.

Kwenye sindano za mifupa iliyokonda, tofauti moja ishike vizuri. Asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka, hukaa ndani ya mfupa muda mrefu. Mgonjwa anywe maji ya kutosha kabla, majibu ya figo yawepo kwenye faili, dripu isikimbizwe chini ya dakika 15, na aambiwe kwamba homa na maumivu ya mwili ya siku mbili tatu za mwanzo hutokea na parasetamoli husaidia. Denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, haibaki kwenye mfupa. Ikicheleweshwa, mfupa huanza kuliwa kwa kasi, na wapo wanaovunjika pingili kadhaa za mgongo kwa mpigo. Anayechomwa leo asiondoke bila tarehe ya sindano ijayo, na yeye mwenyewe aisome kwa sauti. Kama hataki kuendelea, hiyo ni haki yake, lakini asinyamaze tu nyumbani. Aje, ili daktari ampangie dawa nyingine ya kushika nafasi hiyo.

Sasa methotrekseti, ambayo nakuomba uisome mara mbili. Kwa baridi yabisi inatumika mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua. Nimewahi kumpokea mzee mwenye vidonda mdomo mzima, hata mate yalikuwa tabu kumeza, na madoa ya damu chini ya ngozi ya mikono. Karatasi aliyotoka nayo kwingine ilikuwa na idadi ya vidonge, siku haikuandikwa. Akafanya kama dawa zake nyingine zote: kila asubuhi. Chembe za damu zilikuwa zimeshuka vibaya, akalazwa na kupewa asidi ya foliniki, dawa ya kupunguza sumu ya methotrekseti.

Kwa hiyo siku iandikwe kwa jina zima kwenye pakiti. Usiandike "kwa wiki" ukaishia hapo, andika "JUMATATU TU", na mgonjwa mwenyewe ndiye achague siku atakayoikumbuka. Foliki asidi, ile vitamini anayopewa pamoja nayo, iwe siku tofauti, kadiri daktari alivyoandika. Hakikisha ana vidonge vya nguvu moja tu, vya miligramu 2.5, maana vya 10 vikichanganyika navyo ni balaa. Vipimo vya damu, ini na figo havirukwi hata akijisikia mzima. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari kabla ya kuanza, na awe na njia ya uzazi wa mpango. Akiandikiwa antibiotiki ya kotrimoksazoli mahali popote aseme anatumia methotrekseti, kwani hizo mbili pamoja zinaweza kuua uboho. Homa, vidonda vya mdomo, kikohozi kikavu na pumzi kubana: aje siku hiyo hiyo, asingoje kliniki. Na wewe muuguzi usikisage hicho kidonge, vaa glavu, na ukiwa mjamzito mwachie mwenzako.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao unazijua, sitakaa hapo. Tatizo kubwa ni kurudufisha. Ukimuuliza mtu "unatumia dawa gani?" atakutajia za hospitali. Muulize hivi: unanunua nini mwenyewe maumivu yakizidi? Unapaka nini? Umechomwa sindano wapi? Hapo ndipo utagundua ana tatu za aina moja. Kumeza na chakula kunapunguza kichefuchefu, ila vidonda vya tumbo vinaweza kuja vile vile, kwa kuwa dawa hufanya kazi yake kupitia damu. Kinyesi cheusi kinachonata, arudi haraka. Mwenye presha anayetumia dawa ya kukojoza maji na dawa ya jamii ya enalaprili, hizi za maumivu zikiongezeka figo zinaweza kugoma. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asizitumie bila daktari.

Gauti, yaani jongo, ina mtego wake. Alopurinoli, dawa yake ya kushusha asidi ya yuriki, huanzwa kidogo, miligramu 100 au pungufu kwa mwenye figo dhaifu, na huongezwa polepole. Miezi ya mwanzo kidole gumba cha mguu kinaweza kuwaka zaidi ya zamani, sababu fuwele za asidi ya yuriki zinayeyuka. Usipomwambia hilo mapema ataamini dawa ndiyo inayomuumiza na ataiacha. Aendelee nayo hata shambulio likimkuta, pamoja na kolchisini aliyopewa ya kuzuia mashambulio. Kolchisini ikimharisha, asiongeze kidonge, apige simu. Upele ni habari nyingine: upele wowote ukitokea, alopurinoli isimame na aje siku hiyo. Na kama anatumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, usimpe dozi ya kwanza kabla daktari hajajua.

Baklofeni ya misuli iliyokakamaa huanza na miligramu 5 mara tatu kwa siku, kisha hupandishwa. Haikatwi ghafla hata kidogo, kwani mgonjwa anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, na misuli kukaza kuliko mwanzo. Wodini hili hutokea kirahisi sana: mgonjwa anafungishwa kwa ajili ya upasuaji, dawa zote za mdomo zinasitishwa, baklofeni inaenda nazo na hakuna anayeuliza. Uliza wewe. Mwenye figo mbovu akianza kusinzia na kuongea ovyo, fikiria baklofeni kabla hujafikiria kiharusi, ila ripoti vyote viwili. Siku za mwanzo asiende msalani peke yake. Jambo moja wataalamu wa mazoezi ya viungo walinifundisha: kuna wagonjwa ambao ule ukakamavu wa miguu ndio unaowasimamisha. Ukiulegeza mno, magoti yanakunjika. Mtu akikuambia "tangu nianze dawa nimelegea, siwezi kusimama", usimjibu kwamba atazoea, peleka taarifa.

Zile za kulegeza misuli ya mgongo ulioshtuka ni za siku chache. Asiendeshe gari, asinywe pombe, na asichanganye na dawa kali za maumivu jamii ya mofini bila daktari kujua.

Namna ya kufundisha: achana na "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Sema, "Nataka nijue kama nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani kesho asubuhi utafanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Kama dawa zinasimamiwa na binti yake, huyo binti ndiye wa kufundishwa, naye arudie.

Na kwenye faili, "elimu imetolewa" haimsaidii muuguzi wa zamu inayofuata. Andika alichosema: "Ataja methotrekseti Jumatatu tu, foliki Alhamisi. Ataja dalili 3 za kurudi. Bado anachanganya nguvu za vidonge, arudiwe kesho na mwanawe akiwepo."