Mtoto anapojiongoza kujifunza, mtu mzima anafanya nini?

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wanaoleta watoto chekechea ni hili: "Mwalimu, kama mtoto ndiye anayejichagulia la kufanya, wewe unafundisha saa ngapi?" Ni swali la haki na nalipenda, maana linagusa kiini cha jambo. Nimefundisha watoto wa miaka mitatu hadi tisa katika madarasa ya namna hii, na ninachoweza kumwambia mzazi au mwalimu anayetaka kuanza ni kwamba kazi haipungui. Inahama tu: inatoka kinywani inakwenda machoni na mikononi, na sehemu yake kubwa hufanyika watoto wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani.

Tuanze na huko kuchagua. Mtoto anachagua miongoni mwa vitu ambavyo mtu mzima amevipanga kwa makusudi. Kila kifaa kinachokaa kwenye rafu kiwe kamili, kiwe na lengo moja, kiwe na mahali pake pa kurudishwa, na kiwe kwenye kimo ambacho mtoto anafika bila kuomba msaada. Kiwe kimoja tu. Wawili wakikitaka, mmoja atangoja zamu, na huko kungoja nako ni kujifunza. Kwa mtoto mgeni, vitu vitatu au vinne vinatosha kabisa. Rafu iliyojaa humfanya aguse kila kitu asitulie na chochote, na wazazi wengi wanaoniambia "mtoto wangu hatulii" wana chumba chenye vichezeo vingi mno. Ondoa nusu, viweke kabatini, uvibadilishe kila baada ya majuma machache.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua "nyumba ya watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya watoto wadogo, tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo jijini Roma, alitaka vifaa vyenyewe vimwonyeshe mtoto kosa lake. Kimojawapo ni kipande cha mbao chenye matundu 10 na silinda 10 zinazotofautiana unene au kimo. Mtoto akiingiza silinda nyembamba kwenye tundu pana, mwishoni anabaki na silinda moja isiyoingia popote. Hapo hahitaji mtu mzima kumwambia "umekosea". Anaitazama, anatoa zote, anaanza upya. Huna haja ya kununua vifaa ghali ili kupata jambo hili. Chupa za ukubwa mbalimbali na vifuniko vyake, majagi mawili madogo yenye maji kwenye sinia, vitambaa vya kukunja vyenye mstari uliochorwa mahali pa kukunjia: vyote vinajisahihisha. Kabla ya kuweka kitu rafuni, jiulize mtoto atajuaje kuwa amefaulu usipokuwapo. Ukikosa jibu, kifaa hicho bado hakijawa tayari.

Kinachofuata ni kutazama, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopita haraka. Weka daftari. Andika mtoto amechukua nini, amekaa nacho muda gani, amekwama wapi, na alipokwama alifanya nini. Usiandike "amefanya vizuri" wala "mvivu leo". Maneno hayo hayatakusaidia kupanga kesho. Nilikuwa na mvulana wa miaka mitano aliyechukua shanga za kuhesabia kila asubuhi lakini hakuhesabu kamwe. Alizipanga kwa rangi tu. Mtu anayepita angesema anapoteza muda. Nilipolisoma daftari langu mfululizo, niliona mpangilio unabadilika: mwanzoni rangi moja moja, kisha mbili kwa mbili, kisha mbili nyekundu na tatu za bluu, tena na tena hadi ukingo wa mkeka. Mtoto yule alikuwa anajenga ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia. Nilikaa kando yake nikapanga mstari wangu wa mbili kwa mbili huku nikihesabu kwa sauti ndogo: mbili, nne, sita. Hakuniangalia. Siku chache baadaye nilimsikia akihesabu hivyo hivyo peke yake, na kuzidisha kukaingia kwake bila vurugu. Kama ningemnyang'anya zile shanga nikampa kazi ya kuhesabu moja hadi ishirini, nisingejua kwamba alikuwa amekwisha pita hapo.

Kutazama kunahitaji muda mrefu usiokatwa. Madarasa yanayofuata njia ya Montessori hutenga kipindi cha takribani saa tatu bila kengele, na watu hushtuka wakisikia hivyo. Lakini mtoto hutumia sehemu ya kwanza kuzunguka, kugusa, kuanza na kitu chepesi anachokijua. Kazi nzito huja baadaye, mara nyingi baada ya kipindi fulani cha kelele kinachomfanya mwalimu mchanga adhani darasa limemshinda. Kengele ikilia kila baada ya nusu saa, hamfiki huko kamwe. Kwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na mamlaka juu ya ratiba, ushauri wangu ni kuomba kuunganisha vipindi viwili vya somo moja, hata kwa siku moja tu ya juma. Mzazi nyumbani anaweza zaidi: mtoto akizama katika jambo, usimwite kuja kumsalimu mgeni, wala usimuulize "hii rangi gani?" Mwache amalize.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaopenda njia hii. Wapo wanaoamini kuwa mtoto akiachwa atagundua kila kitu. Sikubaliani nao. Watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba anayeanza jambo jipya, akipewa mwongozo mdogo mno, hulemewa na kujifunza kidogo. Naona walikuwa sahihi, hasa katika kusoma. Hakuna mtoto atakayegundua kwa kutazama kwamba kialama fulani kinasomwa "m". Lakini kuna upande wa pili pia. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani waliwapa watoto wa umri wa shule ya awali kichezeo chenye mambo kadhaa yaliyofichika. Waliofundishwa jambo moja waziwazi walishikilia hilo, wakachunguza mengine kidogo kuliko wale ambao hawakufundishwa.

Ninachofanya kati ya pande hizi mbili ni hiki. Lile ambalo watu wamekubaliana tu, kama sauti ya herufi, alama ya kujumlisha, au namna salama ya kushika mkasi, nalifundisha waziwazi. Lile ambalo kitu chenyewe kinaweza kumwambia mtoto, kama kinachoelea na kinachozama, kizito na chepesi, au umbo linaloingia na lisiloingia, namwachia.

Na ninapofundisha, nafundisha kwa ufupi, mtoto mmoja au watatu, dakika tano hivi. Kwa majina na sauti natumia hatua tatu zilizotoka kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa wa karne ya 19, ambazo Montessori alizichukua. Chukua herufi mbili zisizofanana. Kwanza unataja: "Hii ni m. Hii ni s." Kisha unaomba: "Nipe m. Weka s juu ya mkeka." Hatua hii ndiyo ya kukaa nayo, igeuze mchezo, irudie. Mwisho unauliza: "Hii ni nini?" Akishindwa swali la mwisho, usimsahihishe na usimrudishie swali lile lile. Rudi hatua ya pili kidogo, au funga kazi kwa furaha mrudi siku nyingine. Baada ya somo, herufi zinakaa rafuni, na mtoto ndiye anayeamua atazirudia mara ngapi.

Kuhusu zawadi, niseme kwa kifupi. Mwaka 1973 mtafiti Mark Lepper na wenzake walichagua watoto waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Baadaye, katika muda wa kucheza, walioahidiwa walichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao. Mtoto anayependa jambo usimlipe kwa hilo. Mweleze ulichokiona: "Umebadilisha rangi hapa," kisha nyamaza, mara nyingi ataendelea kueleza mwenyewe.

Mzazi wa mtoto wa darasa la pili au la tatu ana hofu nyingine: mwanangu anakimbia hesabu. Kwa umri huo natumia orodha ya kazi za juma. Hesabu imo, kusoma kumo, kuandika kumo. Mtoto anachagua aanze na nini na afanye siku gani, lakini Ijumaa kila kazi iwe imeguswa. Anayekimbia hesabu namwita Jumatatu tukapange pamoja atakapoiweka. Karibu kila mara ukichimba utakuta anakimbia hatua moja tu aliyoikosa huko nyuma, kwa mfano kukopa katika kutoa.

Jifunze pia kumtofautisha anayekwenda polepole na aliyekwama. Wa polepole anasogea. Daftari litakuonyesha mabadiliko madogo juma hadi juma, naye anahitaji uvumilivu wako tu. Aliyekwama anarudia kosa lile lile au anakwepa. Huyo mrudishe hatua moja nyuma, badilisha kifaa, kaa naye. Na ukiona bado hakuna mabadiliko, au mtoto hageuki akiitwa, analeta kitabu karibu sana na macho, au usemi wake uko nyuma sana ya wenzake, mpeleke kwa wataalamu mapema. Kauli ya "kila mtoto na kasi yake" imewachelewesha watoto wengi kupata miwani au msaada wa kusikia, na hilo linaniuma.

Mwisho ni kwa wale ambao watoto wao watahamia darasa ambalo wote hufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Wengi huanza kumkaza mtoto miezi mitatu kabla. Ni afadhali kumwandikia mwalimu mpya ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari lako: anachoweza mtoto peke yake, anachoweza akisaidiwa kidogo, na kazi inayomfanya akae muda mrefu bila kuinuka. Kisha mzoeze mtoto mambo mawili ya desturi ya huko, kuinua mkono na kuacha kazi ikiwa nusu akijua ataimalizia baadaye. Hilo la pili ndilo litakalomsumbua zaidi, kwa hiyo mwombe mwalimu mpya ampe mahali pa kuhifadhi kazi ambayo haijaisha.