Kazi ya Mtoto, Mkono wa Nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Mtaala wa Umilisi (CBC), unaomtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, umewafanya watoto wetu wa shule za msingi kuwa wabunifu zaidi. Ningependa kwanza tujue kazi zinazopelekwa shuleni ni za nani, kwa maana tangu mtaala huu uenee nchini Kenya mwaka 2019, nimewaona akina mama wakikesha kushona wanasesere na akina baba wakipanga foleni saiba kuchapisha picha, kisha mwalimu akampongeza mtoto aliyekuwa amelala.

Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4, mfumo uliotangulia wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulioanza mwaka 1985, husemwa kwamba tulikariri tu. Hata hivyo, katika somo la sanaa na ufundi, mwalimu wetu wa darasa la tano alimwalika nyanya mmoja mfinyanzi, kwani huku kwetu karibu na Ziwa Victoria hawakosekani. Tulichimba udongo wenyewe kando ya mto, tukauchambua vijiwe, tukaukanda kwa miguu tukiuchanganya na vigae vya vyungu vikuukuu ambavyo nyanya alitutwangisha mpaka vikawa unga, bila kutueleza sababu. Vyungu vilianikwa kivulini kwa muda uliotuchosha, hata wavulana fulani wakavihamishia vyao juani, navyo vikapata nyufa kabla ya kuuona moto. Siku ya kuchoma, kimoja kililipuka katikati ya nyasi na kuni. Mwalimu hakumkemea mwenye chungu hicho. Majivu yalipopoa alituagiza tuokote vipande na kuvilinganisha na chungu kizima, hadi msichana mmoja akasema kwamba kitako kilikuwa kinene mno, hivyo unyevu ulibaki ndani ukakosa pa kutokea. Tulipofikia mada ya mvuke katika sayansi, hatukuhitaji mchoro.

Nilikusudia kuulaumu mtaala mpya, lakini naona kisa hiki kinautetea, kwa kuwa hayo ndiyo mafunzo unayoyataka. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba unaweza kuwafanya wabunifu, basi uendelee, mradi kazi ya mikono ifanyiwe darasani, kwa vifaa vya kuokota, na mtoto aruhusiwe kupeleka kitu kibaya alichokitengeneza mwenyewe. Nakiri kwamba hilo ni rahisi kwangu kulisema: mwalimu mwenye watoto sabini darasani hana nafasi ya kuchunguza kila kigae, na shule iliyobanwa kati ya magorofa ya Nairobi haina mto wa kuchimba udongo.