Ukibishania upanga, soma na aya inayofuata

Ukoo wetu una Wakristo na Waislamu, kwa hiyo swali la dini ipi inahalalisha kumwaga damu nimelisikia tangu utotoni. Mchezo ni uleule: mtu anachagua aya tamu katika kitabu chake na aya kali katika kitabu cha mwenzake, kisha anatangaza ushindi.

Ushauri wangu ni kulinganisha tamu na tamu, kali na kali. Ukija na shavu la pili la Mathayo 5:39, kumbuka Qurani 41:34 inayoagiza ubaya uzuiwe kwa wema mpaka adui ageuke kama rafiki wa karibu. Ukija na At-Tawba, sura ya 9 ya Qurani, aya ya 5, fungua pia 1 Samweli 15, ambapo mfalme Sauli anaamriwa asimbakize hata mtoto anyonyaye.

Halafu soma jirani zake. Hiyo aya ya 5 inaamuru washirikina, yaani waabudu miungu mingi, wauawe, lakini ya 4 imewatoa walioshika mapatano yao na Waislamu, na ya 6 inasema mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa salama. Anayeutukana Uislamu na anayeua kwa jina lake wote huinukuu ya 5 na kuiruka ya 6. Ajabu ya watu hao kukubaliana!

Ila tusidanganyane kwamba hakuna tofauti. Yesu hakuongoza jeshi, na wafuasi wake waliishi karibu miaka 300 bila dola, yaani bila serikali yao. Mtume Muhammad alihamia Madina mwaka 622 akawa kiongozi wa mji, na mwaka 624 alikuwa vitani Badri. Ndiyo maana Qurani yenyewe ina masharti ya vita, kama 2:190: mpigane na anayewapiga, msivuke mpaka. Wakristo walipopata dola hawakuyakuta masharti ya namna hiyo katika Injili. Wanateolojia wao, Augustino na baadaye Thomas Aquinas, ndio waliowawekea: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema.

Masharti hayakuzuia kila kitu. Mwaka 1099 askari Wakristo wa Vita vya Msalaba waliwachinja wakazi wa Yerusalemu. Sultani Mwislamu Salahuddin alipouchukua mji huo mwaka 1187 aliruhusu watu wajikomboe kwa fedha, lakini maelfu waliokosa fidia walitiwa utumwani.

Siku hizi mtu akinianzishia ubishi huu, namwomba anisomee ukurasa mzima kutoka kitabu cha mwenzake. Wengi hawana hicho kitabu.