Wanauliza bei, kisha wananyamaza

SWALI

Shikamoo Mama. Nauza magauni ya mtumba, gredi A, kupitia Instagram. Naishi Segerea, mzigo nauchagua mwenyewe Karume alfajiri, nafua, napiga pasi, napiga picha. Nilianza mwaka 2021. Kuna wakati nilikuwa natoa magauni 30 kwa wiki. Sasa hivi nikitoa 10 namshukuru Mungu.

Kinachonichanganya ni kwamba wafuasi wameongezeka, wamepita 9,000. Wanapenda picha, wanaandika "bei?", nikiwajibu inbox kimya. Nimeshusha bei kutoka shilingi 20,000 hadi 14,000, na gauni lenyewe nalinunua 9,000. Nimelipia matangazo, nimepata wafuasi tu. Kuna wenzangu wanauza magauni mapya ya China kwa 18,000. Mume wangu anasema niachane nayo nitafute kazi. Dada mmoja ananishauri nikope laki tano kwa mtu, nirudishe laki sita na nusu baada ya mwezi, niongeze mzigo. Nifanyeje?

Muuza magauni, Segerea

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na huo mkopo kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri wiki mbili, huo hauwezi. Usiuchukue. Kwenye gauni la 14,000 ulilonunua 9,000 unabakiwa na 5,000, na hapo hatujahesabu sabuni, mkaa wa pasi, mfuko na bando. Riba peke yake ni 150,000, yaani faida ya magauni 30. Kwa mauzo ya 10 kwa wiki, wiki tatu nzima utakuwa unamfanyia kazi mkopeshaji. Na mzigo sicho kitu kinachokupungukia! Magauni unayo, wanunuzi ndio hawapo. Hii mikopo watu hawakuiita kausha damu kwa bahati mbaya. Nimeona wanawake wakibebewa friji na makochi mbele ya watoto wao. Siku ukihitaji mtaji kweli, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako uulizie mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile iliyositishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Inatolewa kwa vikundi, inachukua muda, lakini haina riba.

Sasa bei. Ulipokuwa unauza 20,000, kila gauni lilikuachia 11,000. Magauni 10 yalikupa 110,000. Kwa 14,000 lazima uuze 22 upate pesa ileile, na mauzo yako hayakuongezeka, yalipungua. Kwa hiyo bei haikuwa ugonjwa. Mzigo utakaoufungua wiki ijayo uanze tena na 20,000, na lile zuri sana lipe 25,000. Usishindane kwa bei na mtu anayeshusha kontena Kariakoo, hutamweza. Gauni lake la 18,000 lipo la rangi nne, na kwenye sherehe moja linavaliwa na watu watatu. La kwako liko moja tu. Na mara nyingi kitambaa chako ni kizito kuliko chake: pamba, kitani, sufu nyepesi. Kiseme kwenye maelezo, onyesha lebo, onyesha zipu na mshono wa ndani.

Andika pia vipimo kwa sentimita: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mtumba unatoka kila upande wa dunia, na gauni lililoandikwa 14 la Uingereza ni 42 la Ulaya na karibu 10 la Marekani. Mteja analiona hilo "14" anaogopa. Hakuna kioo cha kujipimia, na kurudisha ni gharama. Mwenye futi ya fundi nyumbani akisoma vipimo anajua hapohapo kama litamkaa.

Hao wanaouliza bei kisha wananyamaza nataka uwaangalie kwa makini, kwa sababu hao walikuwa tayari kununua. Bei iandike juu ya picha. Mtu anayesubiri jibu lako inbox saa tatu nzima ameshapita kurasa nyingine tano. Halafu fungua mazungumzo yako ya mwezi uliopita, uone kimya kinaanzia neno gani. Nina hakika mengi yanakufa pale unapotaja nauli ya bodaboda. Gauni 14,000, boda kutoka Segerea mpaka Mbweni au Kigamboni 8,000 na zaidi, mtu anahisi anaongezewa bei ameshafika mlangoni. Panga siku mbili za kusambaza kwa wiki, kwa mfano Jumatano na Jumamosi. Oda za njia moja zikusanye, dereva mmoja azipeleke zote kwa safari moja, nauli igawanywe. Itaje mapema, pamoja na bei. Wa mikoani waambie tangu mwanzo kwamba kifurushi kinapanda basi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, na gharama yake ni kiasi fulani. Wengine kinachowafunga mdomo ni woga tu. Walishawahi kutuma pesa kwa ukurasa mzuri kama wako, wakafungiwa. Hao watumie video fupi ya gauni lenyewe ukilitaja jina lao, na utumie lipa namba yenye jina la biashara yako.

Lakini nisikilize hapa kuliko kote. Tangu 2021 umeuza magauni mamia. Wanawake hao wako wapi? Barua yako nzima inataja wafuasi, haimtaji hata mteja mmoja aliyerudi, na hicho ndicho kilichonihuzunisha nilipoisoma. Instagram tangu 2016 haiwaonyeshi watu picha kwa mfuatano wa saa, inachagua yenyewe nani aone nini. Wafuasi 9,000 ni watu ambao wengi wao hawauoni mzigo wako siku unapoupandisha, na matangazo ya kulipia yanakuletea wageni wakati wenyeji wako wamekusahau.

Namba zao unazo. Kila aliyekulipa kwa simu aliacha jina na namba kwenye meseji ya muamala. Keti na daftari jioni moja watoto wakishalala, rudi nyuma kwenye hizo meseji. Andika jina, namba, mtaa, alichonunua, saizi yake kama unaikumbuka. Kisha waandikie mmoja mmoja, usirushe ujumbe mmoja kwa wote. Kitu kama hiki: "Habari dada, mimi ndiye niliyekuuzia lile gauni la bluu la mikono mirefu. Nimepata mawili yanayofanana na vipimo vyako, naomba nikutumie picha?" Akikataa, mshukuru na usimsumbue tena. Akikubali, mwombe ahifadhi namba yako, na wewe uhifadhi yake. Hili ni la lazima: status yako ya WhatsApp haonyeshwi mtu ambaye hamjahifadhiana namba, na hata ujumbe wa orodha ya matangazo, ambayo mwisho wake ni watu 256, haumfikii asiyekuhifadhi. Wanawake wengi wanapandisha status kila siku wakidhani wateja wanaziona.

Mimi nilikuwa nauza mashuka na mapazia Mtaa wa Kongo, na daftari la namba lilikuwa kwenye mkoba wangu wakati wote. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilisuasua nchini kwa siku kadhaa. Niliwapigia wateja simu ya kawaida. Wengine walinunua, wengine tulijuliana hali tu, na miongoni mwa hao wa kujuliana hali wapo walioniletea mashemeji na majirani zao baadaye.

Kuhusu mume wako: usibishane naye, mwonyeshe hesabu. Ila usimpe Januari kwa kuilinganisha na Desemba. Januari ada na sare za shule zimekomba kila nyumba. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana. Kwa miezi miwili weka safu ya ziada kwenye daftari, ya wateja waliorudi. Safu hiyo ikijaa kidogo kidogo, biashara iko hai hata kama jumla bado ni ndogo, na yeye ataona. Isipojaa kabisa, usiende Karume kuchukua magauni mengine. Uza yaliyobaki kwa bei ya kurudisha mtaji, kisha waulize walewale wa kwenye daftari wanatafuta nini wasichokipata. Niliwauliza wangu, nikaambiwa mashuka ya vitanda vya watoto, saizi ambazo hazipatikani madukani. Mapazia niliyaacha mwaka huohuo.